Kopo la Maji na Kipokezi cha Nuru

Mwaka 1880 Alexander Graham Bell alipeleka sauti kwa mwali wa jua. Leo nyuzi za kioo hupeleka habari kwa nuru. Kumkaririsha mtoto ajabu hiyo hakutoshi. Sisi twashauri afundishwe tatizo la upokeaji. Nuru hafifu huzaa umeme mdogo, unaohitaji kikuzi. Ukinzani wa kikuzi ukizidishwa, ishara hukua, lakini saketi hupoteza wepesi. Mwalimu na atoboe makopo mawili, moja kwa tundu kubwa, la pili kwa tundu dogo, ayamiminie maji sawasawa. Penye tundu dogo maji hupanda zaidi, ila hukawia kushuka. Akimimina tena, ya kwanza hayajaisha. Ndivyo ishara za kasi zichanganyikavyo. Mwanafunzi akiligundua hilo mwenyewe, ameanza kufikiri kama mhandisi.