Wageuzao Nyimbo Zao

Liko neno lisemwalo sana miongoni mwetu Wakristo, nasi twaona yafaa lipingwe. Mwimbaji akitoka katika dansi akaingia kanisani, twapiga vigelegele na kusema, "Ameokoka." Akitoka katika kwaya akaenda kwenye dansi, twatikisa vichwa na kusema, "Ameuza sauti yake, kama Esau alivyouza haki ya uzaliwa wake kwa chakula." Njia ni ile ile, sisi twatazama tu uso wa msafiri umeelekea wapi, kisha twahukumu. Hiyo ni hukumu ya mwenye duka, amsifuye mteja aingiaye na kumlaani atokaye.

Mtazameni Remmy Ongala. Alizaliwa Kindu, katika nchi ya Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga muziki katika Orchestra Makassy, na baadaye akawa kiongozi wa Super Matimila. Watu walimjua kwa nywele zake ndefu za misokoto, na kwa nyimbo zilizomsemea maskini. Katika miaka yake ya mwisho, baada ya kupatwa na kiharusi, aliacha dansi, akazikata nywele zile, akaimba nyimbo za Injili hata alipofariki Desemba 2010. Je, aliwauza wapenzi wake wa zamani? Mtu atatuambia kwamba ni ugonjwa uliomtia hofu. Haya, na iwe hivyo. Ni nani kati yetu aliyemtafuta Mungu siku ya shibe peke yake? Tena alipokuwa angali akiwaimbia wachezaji usiku, aliwaimbia habari za kifo na za umaskini, mambo ambayo wahubiri wengi huyapita upesi.

Jambo hili si la kwetu tu. Watu weusi wa Marekani walilijua mapema, kwa kuwa huko kanisa na ukumbi wa dansi vilikuwa majirani. Thomas Dorsey, mtoto wa mhubiri, aliyezaliwa Georgia mwaka 1899, alipiga muziki wa vilabuni uitwao bluzi, akijulikana kwa jina la Georgia Tom. Wimbo wake mmoja wa mwaka 1928, ambao maneno yake hatungependa watoto wetu wa shule wayasikie, uliuzwa sana. Mwaka 1932 mke wake alifariki katika kujifungua, na mtoto akamfuata mama yake. Katika msiba huo alitunga wimbo wa kumwomba Bwana amshike mkono, ule ulioimbwa katika maziko ya Martin Luther King mwaka 1968. Lakini alipozipeleka nyimbo zake makanisani, wengi walizikataa, maana walisikia ndani yake mlio wa bluzi. Nao walisikia sawasawa! Mlio ule ulikuwamo. Dorsey aliuleta kama mtu aletavyo nyumbani jembe alilolimia shamba la jirani. Tena nyimbo hizo za kanisa alizichapa akaziuza. Sisi walimu, tupokeao mshahara wetu kila mwezi, tutamnyoshea kidole kwa hilo?

Sasa mgeuzeni msafiri. Sam Cooke, naye mtoto wa mhubiri, aliimba nyimbo za dini katika kundi la Soul Stirrers, na makanisa yakampenda mno. Mwaka 1957 alitoa wimbo wa mapenzi kwa jina la Dale Cook, ili watu wa dini wasimtambue. Hapo twaona kosa, wala hatulifuniki: ni kosa la kujificha. Lakini mwaka ule ule alitoka waziwazi, na mwaka 1964 akatoa wimbo juu ya mateso ya watu wake na tumaini la mabadiliko, nao ukawa wimbo wa waliodai haki zao. Haumo katika kitabu cha nyimbo za kanisa. Hata hivyo, asiyesikia ndani yake malezi ya kanisa, masikio yake yana nta.

Aibu ya mwimbaji, twasema sisi, ni kuimba asiloliamini kwa kuwa lina malipo. Na aibu hiyo yaweza kuvaa joho la kwaya. Wako waimbaji wa Injili wasiokubali kushika kipaza sauti mpaka wamehesabu fedha, hata kwenye harambee ya bati za kanisa. Hao hawajageuza mtindo wao hata siku moja, wala hatujasikia mtu akiwaita Esau.

Tumeyaandika haya kwa ajili ya kijana mmoja tumjuaye. Alikuwa akipiga gitaa katika bendi ya mjini, akarudi kijijini, akaomba kuisaidia kwaya. Wazee wa usharika wakamwambia kwamba kwanza akae mwaka mzima asiguse gitaa, ili waone kama kugeuka kwake ni kwa kweli. Alikubali. Mwezi wa nne hakuonekana tena ibadani. Twasikia amerudi mjini, na wazee wale husema, "Tulijua." Kwaya ingali ikitafuta mpiga gitaa wa Pasaka.