Mmea Hautoi Dawa Ila kwa Amri

Katika miji yetu yote, tokea Mombasa hata Kigoma, hakosekani mtu ayasifuye majani ya mitishamba kuwa ni tiba iliyotimia, wala hakosekani mwingine, aghalabu msomi, ayadharauye majani hayo hayo kuwa ni upuuzi mtupu. Na wote wawili, kwa maoni yangu, wamekosea kwa namna moja, kwani kila mmoja huunena mmea kana kwamba dawa ama imo ndani yake daima ama haimo kabisa, ilhali mmea wenyewe ndio uamuao lini uifanye dawa hiyo, wapi uiweke, na kwa kadiri gani.

Tuutazame mmea wa artemisia, ambao asili yake ni China na ambao sasa hulimwa hata katika nyanda za juu za nchi zetu. Tabibu Ge Hong, aliyeishi katika karne ya 4, aliandika kwamba mwenye homa achukue majani hayo, ayaloweke katika maji, ayakamue na kuyanywa maji yake. Na maneno hayo ndiyo yaliyomzindua Bibi Tu Youyou, mtafiti wa China aliyekuwa akitafuta dawa ya malaria zama za vita vya Vietnam, akatambua kwamba huenda ni moto wa kuchemshia uliokuwa ukiiharibu dawa, akatumia etha, ambayo huchemka kwa joto dogo, hata mwaka 1972 yeye na wenzake wakaipata artemisinini safi, ndiyo dawa yenyewe, iliyomletea Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Habari hiyo imesimuliwa sana. Isiyosimuliwa, nayo kwangu ndiyo yenye ajabu kubwa zaidi, ni jinsi mmea uifanyavyo dawa yenyewe. Juu ya jani na ua mna vinyweleo vyenye tezi, vidogo visivyoonekana kwa macho matupu, kila kimoja kina seli 10. Na humo, wala si mizizini, ndimo vimeng'enya hupokezana kazi, cha kwanza kikiikunja molekuli ndefu na kuifunga, cha pili kikiitia oksijeni, vingine vikiitengeneza zaidi, mpaka hatua za mwisho kabisa ziachiwe nuru na hewa. Kisha dawa hutolewa nje ya seli na kuwekwa chini ya utando wa jani, kwa kuwa ni sumu hata kwa mmea ulioifanya.

Seli za mizizi zina jeni zile zile, lakini huko jeni hizo zimenyamaza, maana kuwapo kwa jeni si kutumika kwake. Ziko protini ambazo kazi yao ni kuziamsha jeni, na ziko nyingine ambazo kazi yao ni kuwazuia hao waamshaji, mithili ya bawabu aliyeketi mlangoni pa ghala na ufunguo mfukoni. Jani linapojeruhiwa, kwa mfano likitafunwa na mdudu, mmea hutoa kichocheo kiitwacho jasmoneti. Kwa kichocheo hicho mabawabu huvunjwa, waamshaji wakawa huru, na jeni za artemisinini zikaanza kusomwa. Nuru nayo ina amri yake, na umri wa mmea pia, hata mkulima mjuzi huvuna maua yakaribiapo kuchanua.

Ndiyo maana mmea mmoja waweza kutoa artemisinini isiyozidi sehemu 1 kwa 1,000 ya uzito wa jani kavu, na mwenziwe, wa mbegu iliyochaguliwa, ukatoa sehemu 1 kwa 100 au kupita. Wataalamu wa Shanghai, walipoichapisha DNA ya mmea huo mwaka 2018, walieleza kwamba kwa kuzitia nguvu jeni 3 tu walifikia asilimia 3.2. Na pakanga yetu ya asili, iotayo Usambara na Kilimanjaro, ambayo ni ndugu wa artemisia hiyo, haina artemisinini, au ikiwa nayo ni chembe isiyofaa kitu.

Basi anayempa mgonjwa wa malaria kikombe cha chai ya majani, hata awe na nia njema kiasi gani, hajui amempa nini. Na vijidudu vilivyoguswa na dawa pungufu visife hupata nafasi ya kuizoea. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono matumizi ya chai hiyo kwa sababu kama hizo, na tusisahau kwamba vijidudu vilivyoanza kuistahimili artemisinini vimekwisha kuonekana Rwanda, Uganda na Kagera.

Walakini sisemi mitishamba iachwe. Nasema ichunguzwe kwa undani kuliko tulivyozoea. Taasisi ya Tiba Asilia ya Muhimbili imekuwapo tangu mwaka 1974, na majina ya miti na matumizi yake yameandikwa kwa wingi. Yaliyobaki ni kuzijua amri zenyewe, na kazi hiyo yataka fedha za serikali, mashine za kusoma jeni, na vijana waliofundishwa kuzitumia hapa hapa. Wazee wetu wa uganga wana masharti yao juu ya wakati wa kuchuma na sehemu ya kuchukua, na nadhani baadhi ya masharti hayo yametokana na uangalifu wa vizazi vingi. Asemaye mzizi fulani usichimbwe ila kiangazi aulizwe kwa heshima, maneno yake yaandikwe, na mzizi huo upimwe kiangazi na masika.