Tumejihadhari vya Kutosha

Kila anayetapeliwa na wakala wa kazi katika nchi hii huambiwa jambo moja: ungejihadhari. Huambiwa na polisi aliye nyuma ya kaunta akimwandikia namba ya OB. Huambiwa na mheshimiwa akishika maikrofoni matangani. Huambiwa tena na tangazo la serikali gazetini. Sisi tunaotafuta kazi, pamoja na wazazi wetu waliouza mbuzi na kukopa kwenye chama ili tupate za kulipa, tumechoka kuambiwa hivyo. Tumejihadhari. Tumeuliza majirani, tumedai risiti, tumepiga picha leseni iliyotundikwa ukutani. Na bado tumeliwa.

Tuanze na hiyo leseni. Kisheria wakala anatakiwa awe amesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, cheti chake ni cha mwaka mmoja, na orodha ya waliosajiliwa huwekwa wazi ili mtu aikague kabla ya kutoa hata ndururu. Ni jambo jema, hatulikatai. Lakini orodha hiyo inaijua ofisi ya Nairobi tu. Haimjui yule kijana wa bodaboda aliyekuja Ukunda na karatasi za kampuni, wala yule mama wa Mumias anayekusanya pasipoti za wasichana kwenye mfuko wa plastiki, akipewa chake kwa kila kichwa anachopeleka mjini. Pesa zetu hupitia mikononi mwa watu hao, kwa M-Pesa, kwa namba ya mtu binafsi. Mambo yakiharibika, ofisi yenye leseni husema haimjui aliyezipokea. Naye husema alikuwa anasaidia tu. Hapo mwenye kujihadhari ajihadhari na nani, ikiwa mtu aliyechukua fedha hayumo katika daftari lolote la serikali?

Tena wapo wanaoazimana leseni kama sufuria za harusi. Jina lililo ukutani ni la kampuni moja, risiti ina jina la nyingine, mkataba una la tatu. Ukirudi baada ya miezi kadhaa unakuta mlango umepigwa kufuli, na orofa ya pili ya jengo jirani pana kibao kipya na sura zile zile. Mwaka 2014 serikali ilifuta leseni za mawakala 930 kwa mkupuo mmoja na kuzuia watu kwenda kufanya kazi Uarabuni. Marufuku ile iliondolewa 2017. Tulioishi miaka hiyo tunakumbuka kilichotokea: safari hazikukoma. Watu walipitishwa Uganda, wakapanda ndege Entebbe bila jina lao kuandikwa popote nyumbani, na waliopata taabu huko hawakuwa na wa kumlilia, kwa kuwa kwa mujibu wa makaratasi hawakuwa wameondoka.

Sasa tuje kwenye ada, maana hapo ndipo panapotuuma zaidi. Shirika la Kazi Duniani lina mkataba wake wa 1997, namba 181, unaosema wazi katika kifungu cha 7 kwamba wakala hatakiwi kumtoza mtafuta kazi ada yoyote, iwe moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma. Anayelipia huduma ni anayemtaka mfanyakazi. Kanuni zetu za 2014 ziliusogelea ukweli huo, zikasema viza, nauli na vipimo vya afya ni juu ya wakala au mwajiri. Zingekomea hapo, tungeshukuru. Zikaongeza: isipokuwa kama kuna makubaliano ya maandishi kwamba mtafuta kazi atalipa mwenyewe.

Walioandika na kupitisha maneno hayo watuambie walimfikiria nani. Msichana wa miaka 23 aliyeacha mtoto kwa bibi yake, aliyekwisha kulipia pasipoti shilingi 7,550 na hati ya tabia njema shilingi 1,050, akasafiri usiku kucha kwa basi mpaka Nairobi, anawekewa karatasi mezani na kuambiwa "weka sahihi hapa, wenzako wako foleni." Atakataa? Akikataa arudi na nini? Makubaliano kati ya mwenye njaa na mwenye chakula hayafai kuitwa makubaliano, na sheria inayojua hali ya watu wake isingeacha upenyo huo. Karatasi ile ndiyo inayoletwa mbele yetu tukienda kudai: si uliweka sahihi? Basi haki yote iliyoandikwa juu inafutwa na mstari wa chini.

Na mkataba wenyewe? Sheria ya Ajira ya 2007 ina sehemu nzima kuhusu mikataba ya kazi za ng'ambo. Inasema mkataba uthibitishwe na afisa wa kazi, na afisa huyo asiuthibitishe mpaka aridhike kwamba mtu amekubali kwa hiari, hakudanganywa, hakushurutishwa, afya yake inaruhusu, na hafungwi na mkataba mwingine. Mwajiri asiyeishi Kenya anatakiwa aweke dhamana, na awepo mtu wa hapa nchini wa kumdhamini. Mtu akisoma vifungu hivyo anaona kuwa waliovitunga walielewa hatari iko wapi. Lakini waulize waliotoka Riyadh na Dammam ni wangapi waliketi mbele ya afisa wa kazi akawasomea masharti kwa lugha wanayoielewa. Wengi wetu mkataba tuliuona uwanja wa ndege, tukiwa tumeshaaga, begi limeshapimwa. Wengine waliuona maktab, yaani ofisi ya wakala wa kule, na ulikuwa kwa Kiarabu. Aliyeambiwa nyumba ina watu watano alikuta hao watano na ukoo wao wote. Aliyeambiwa atafanya kazi dukani alipewa ndoo na kitambaa, na akipumzika kwa bosi mmoja anapelekwa kusafisha kwa dada wa bosi.

Anayempeleka mtu nje kinyume cha taratibu hizo, sheria inasema atatozwa faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Isiyozidi! Kwa bei wanazotoza mawakala wa Kanada na Poland, hiyo haifiki hata pesa ya mteja mmoja. Ipo pia Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2010, na hiyo ni kali: kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30. Lakini wakala akifikishwa kortini, shtaka tulilozoea kulisikia ni kujipatia pesa kwa njia ya udanganyifu, ambalo kifungo chake hakizidi miaka mitatu. Anaachiliwa kwa dhamana. Kesi inaahirishwa. Sisi tunaotoka Busia na Kwale kuja kutoa ushahidi tunalipa nauli kila mara, mpaka tunakoma kuja, na kesi inakufa kwa kukosa mashahidi.

Kuna wanaotuuliza kwa nini tunang'ang'ania kwenda. Swali hilo tunalijibu kwa heshima kwa sababu wengine huliuliza kwa huruma. Aliyehitimu chuo na kutembeza vyeti tangu mwaka aliomaliza hana cha kungojea. Mshahara wa dada wa kazi Saudi Arabia, riyali 900 hivi kwa mwezi, ni zaidi ya shilingi 30,000. Dada huyo huyo hapa nyumbani mara nyingi hapati nusu yake. Tunajua tunachokifuata. Tunajua pia kwamba shirika la Amnesty International, katika ripoti yake ya Mei 2025, liliwasikiliza zaidi ya wanawake 70 wa Kenya waliofanya kazi za nyumbani huko, wakaeleza saa za kazi zisizokwisha, kunyang'anywa pasipoti, kufungiwa ndani, kunyimwa mshahara. Na tunajua kwamba Machi ya mwaka huo huo gazeti la The New York Times liliripoti kuwa angalau Wakenya 274, wengi wao wanawake, walikuwa wamefariki Saudi Arabia katika muda wa miaka mitano. Hao walikuwa watu wenye afya, waliopimwa damu na mapafu kabla ya kuruhusiwa kupanda ndege.

Mwanao akifia huko, ndipo utajua sheria imekuweka wapi. Wakala hashiki simu. Maktab inataka barua. Bosi hataki kuisaini. Cheti cha kifo kinafika na neno moja la sababu, na mwili unakaa chumba cha maiti wiki baada ya wiki huku jamaa wakichangishana kwenye kundi la WhatsApp. Wakala aliweka dhamana ya benki alipochukua leseni. Kazi ya dhamana hiyo ni siku kama hiyo. Katika mitaa yetu hatujakutana na mzazi aliyerudishiwa mwana kwa fedha za dhamana hiyo. Wote walichangiwa na majirani.

Wala msidhani mambo haya yako ng'ambo tu. Ofisi za kutafutia watu kazi za nyumbani ziko mitaani kwetu, chumba kimoja na benchi refu, wasichana wameketi tangu asubuhi wakingoja madam aje achague. Madam analipa ofisi. Msichana naye anakatwa mshahara wa kwanza, na kitambulisho chake kinabaki kwenye droo. Akifukuzwa kabla ya mwezi kwisha, ofisi ina faida mbili na yeye anaanza upya. Hatujawahi kumwona mkaguzi wa kazi akiingia katika chumba cha aina hiyo.

Halafu tangu mwishoni mwa 2024 serikali yenyewe imekuwa ikizunguka kaunti kwa kaunti na mawakala, ikiita vijana uwanjani waje wasajiliwe kwa kazi za majuu. Vijana walimiminika na bahasha zao. Wapo waliosafiri, na tunawaombea heri. Wapo pia waliolipia vipimo na makaratasi, wakangoja. Tunachouliza ni hiki: wakala akipandishwa jukwaani pamoja na maafisa wa serikali, mwananchi ana sababu gani tena ya kumshuku? Huwezi kumleta mtu mbele yetu ukamsifu, kisha akitudhuru ukatugeukia na lile neno lako la kujihadhari. Na wanaoleta hatari hawaji tena kwa mavazi ya zamani. Wako waliojibu tangazo la kazi ya kuhudumia wateja Thailand, wakajikuta Myanmar kwenye makambi ya matapeli wa mtandaoni, chini ya walinzi wenye bunduki. Septemba 2025 polisi waliwatoa vijana 22 katika nyumba moja Athi River, wakiandaliwa kupelekwa Urusi ambako vita vinaendelea. Vijana hao walitaka mshahara.

Tumeambiwa pia, na The New York Times liliandika hivyo, kwamba baadhi ya kampuni hizi zina mikono ya wanasiasa na jamaa zao. Tangu 2020 kampuni nchini zinatakiwa kuwaandikisha wamiliki wake halisi kwa Msajili wa Kampuni, lakini daftari hilo halifunguliwi kwa mama wa Likoni anayetaka kujua anampa nani binti yake. Lifunguliwe, angalau kwa biashara hii moja. Anayetunga sheria za mawakala huku akila kutokana nao atajwe, na wapiga kura wa eneo lake wajue.

Ule mstari wa "isipokuwa" katika kanuni za ada ufutwe. Wakala mwenye leseni abebe dhambi za kila anayemkusanyia watu kijijini, awe amemwandika au hakumwandika. Akijua atalipia, atachagua watu wake vizuri. Fedha za dhamana zitoke ndani ya siku zinazohesabika, bila familia kupelekwa kortini kwanza.

Na takwimu. Benki Kuu hutangaza kila mwezi ni dola ngapi zimetumwa nyumbani na Wakenya walio nje. Mwaka 2024 zilipita bilioni 4.9, na viongozi huzitaja kwa fahari. Kama nchi inaweza kuhesabu fedha za wafanyakazi hao mwezi kwa mwezi, inaweza kuhesabu pia malalamiko yao: kampuni iliyolalamikiwa kwa jina, kaunti alikotoka mlalamikaji, kiasi alichodai na kiasi alichorudishiwa, walioomba kurejeshwa na waliorejeshwa, waliofariki na sababu iliyothibitishwa na daktari wa hapa. Hesabu hiyo ibandikwe katika ofisi ya kila chifu, kila mwezi, karibu na mlango, mahali ambapo mtu asiye na simu ya intaneti anaweza kusimama akaisoma kabla ya kwenda kutoa pesa zake.