Acheni kutuambia "hakuna aliyewahi kuona"

Kila nikigusia mageuzi ya viumbe, lazima msee mmoja aandike: "Nani aliwahi kuona seli moja ikawa mwili?" Haya, kaa chini.

Mwaka 2012, William Ratcliff na wenzake kule Marekani walitoa matokeo ya jaribio la hamira, jamii ile ile unayoumulia mandazi. Waliilisha ndani ya chupa, na kila siku wakaiacha itulie kidogo, wakabakisha zile zilizozama haraka tu. Siku 60 baadaye seli zilikuwa zinaishi kwa vishada. Wala hazikugandana baadaye. Mtoto alizaliwa akakataa kuachana na mama.

Mwaka 2023 wakaja na mengine. Baada ya siku 600, vishada visivyotumia oksijeni vilikuwa vikubwa mara 20,000 kuliko vya mwanzo. Unaviona kwa macho tu! Seli zilirefuka, matawi yakasukana, hata tawi likivunjika kishada hakisambaratiki.

"Lakini si wanasayansi ndio walichagua?" Walichagua kasi ya kuzama, basi. Hakuna aliyeziambia seli zirefuke wala zisukane. Hayo yalitoka kwa mabadiliko ya jeni zao.

Na hapana, hamira haijawa mbuzi. Hakuna aliyesema hivyo. Ila hatua ya kwanza imeonekana.

Kwa hivyo mwalimu, mwanafunzi akiuliza swali hili usimwambie "kariri tu, ni ya mtihani." Mpe hii habari. Na wewe wa komenti, ukitaka kubisha, bishana na ile chupa.