Mti wa Mpakani na Haki ya Jirani



Masika yaliyopita nilisafiri kutoka Mombasa hadi Rongo, katika kaunti ya Migori, kumzuru shangazi yangu, mjane aliyeolewa huko miaka mingi iliyopita. Asubuhi tulishuka shambani. Mahindi ya katikati yalikuwa yamenipita kimo. Mistari minne iliyo karibu na mpaka haikufika magotini. Ng'ambo ya mpaka jirani alikuwa amepanda safu ya mikalitusi, na kivuli chote cha asubuhi kilimwangukia shangazi.

"Mbona humwambii, shangazi?"

"Mwanangu, alipopanda hakuniuliza. Na ilipokuwa michanga, nami sikusema. Sasa hata salamu hatupeani."

Tusiuonee mkalitusi. Huko Migori wakulima wa tumbaku waliuhitaji kwa kuni za kukaushia majani, na mauzo ya nguzo zake yamesomesha watoto wengi. Lakini hunywa maji mengi, na mizizi yake haijui jiwe la mpaka. Wazee wa Migori na Homa Bay waliweka mpakani mnyaa, ambao Waluo huuita ojuok: ua lenye kukatwa likabaki fupi, lisilomnyima mtu jua. Huo nao una adabu yake, maana utomvu wake mweupe huumiza macho, watoto waonywe.

Sisi tumefundishwa kuwa apandaye mti, akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Ni kweli, na tuipande. Ila sadaka haitolewi katika haki ya mwingine. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba Samura bin Jundub (r.a.) alikuwa na mitende ndani ya bustani ya Mwansari mmoja, na kuingia kwake kukimtaabisha mwenye bustani na ahli zake. Mtume (s.a.w.) akamtaka auze, akakataa, abadilishane, akakataa, aitoe kwa kuahidiwa malipo, akakataa. Ndipo Mtume akamwambia kuwa yeye ni mwenye kudhuru, na akamwamuru Mwansari aing'oe. Tazameni: mitende ilikuwa mali halali ya Samura, na bado madhara hayakukubaliwa. Tazameni pia kwamba milango mitatu ya upole ilibishwa kabla ya kung'oa.

Mafakihi wa Kishafi nao wameeleza kuhusu matawi yanayovuka: mwenye mti atakwe kwanza ayaondoe; akikataa, jirani ana haki ya kuyapinda yarudi yalikotoka, na yasipopindika, ayakate. Shoka ni la mwisho.

Na ikiwa ugomvi ni juu ya mpaka wenyewe, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 huupeleka kwanza kwa msajili wa ardhi, kabla ya mahakama. Kuharibu au kuhamisha alama ya mpaka kwa makusudi ni kosa la jinai. Basi usikate ua la mpakani usiku kwa hasira.

Akina mama, sisi ndio tunaolima mistari ile ya mwisho, nasi ndio tunaojua mapema. Kabla ya kuchimba shimo, mwite jirani asimame nawe mpakani, akuonyeshe jua linakotokea na maji yanakopita. Miti mirefu irudishe ndani ya shamba lako. Karibu na mpaka panda isiyodhuru mazao: mgrevilia unaopogolewa, au siala, ambao Waluo wameuthamini tangu zamani kwa nguzo za nyumba. Na uonapo mche wa jirani unakukaribia, sema ukiwa bado mche. Kunyamaza kwa kinyongo si subira.

Alasiri ile tulikwenda kwa jirani, shangazi akitangulia na kikapu cha maembe. Hakutaja miti hata tulipokwisha kunywa chai. Mwenzake alimsikiliza, kisha akasema kwamba hakuwahi kuyaona mahindi yale kutoka upande wa pili. Wakakubaliana: matawi yapunguzwe sasa, na mikalitusi ya mpakani ikatwe ikifikia kuuzwa, isipandwe tena hapo.

Mistari minne ingali dhaifu. Lakini shangazi ameniarifu kwamba salamu zimerudi, na mwaka huu hapo mpakani amepanda kunde.

Wabillahi tawfiq.