Unga ndiyo, na Kusadikika pia

Ndugu wasikilizaji na wasomaji wa Lubumbashi, nanyi familia mlioacha makwenu Mitwaba, Pweto, Kalemie, Goma na Bukavu, leo siandiki juu ya bei ya unga wala umeme. Naandika juu ya kitabu, na naandika kwa hasira.

Juzi katika mkutano wa kartiye nilisema tutafute vitabu vya Shaaban Robert, tuwe tunavisoma kwa sauti jioni pamoja na wahami. Mkubwa mmoja akacheka: "Bale batu beko na njala, we unabaletea bitabu? Tena hadithi za batoto?" Watu wakapiga makofi. Nikanyamaza, maana mkubwa ni mkubwa. Sasa najibu.

Kwanza, si hadithi za watoto. Kusadikika, kitabu cha mwaka 1951, kinasimulia nchi inayoelea angani, mipaka yake ni pepo. Humo mtu aitwaye Karama anashitakiwa na waziri mkuu, Majivuno. Kosa lake? Alitaka watu wafundishwe sheria. Anasimama mbele ya baraza siku baada ya siku, na badala ya kulilia roho yake anawakumbusha wakubwa habari za wajumbe sita waliotumwa na nchi: mashariki, kaskazini, magharibi, kusini, juu mbinguni na chini ardhini. Kila mmoja alisafiri kwa taabu, akaona wengine wanavyoishi, akarudi na elimu ya kuponya nchi. Na kila mmoja, aliporudi, alitupwa gerezani.

Sehemu hiyo niliisoma uani kwetu, Ruashi, siku ya posho. Mama mmoja aliyekimbia kutoka upande wa Mitwaba alikuwa anatwanga sombe. Akaacha mchi. "Siye pia tulikuya na akili," akasema. "Mi najua kulima mihogo kwenye udongo mubaya. Lakini hakuna mwenye ananiuliza. Banatuhesabu tu." Mimi kitabu hicho nimekisoma mara tatu, na jambo hilo sikuwahi kuliona.

Basi mkubwa wetu asikie. Mtu anafika hapa na ujuzi wa shamba, wa kushona, wa kuvua samaki, wa kufundisha, nasi tunamwuliza maswali matatu tu: muko wangapi, munatoka wapi, mutarudia lini. Majivuno angefurahi sana kukaa katika mkutano wetu. Unga unahitajika, sikatai, na anayekataa hajalala nyumba moja na mtoto mwenye njala. Lakini nani alisema njala inaziba masikio?

Pili, wako wanaosema Kiswahili chetu cha Katanga si bora, kwa hiyo tusishike vitabu vya mtu wa Tanga, tubaki na riwaya za Kifaransa. Hiyo ni haya ya bure. Mwaka 1965, hapa hapa mjini, André Yav aliandika historia ya Elisabethville kwa Kiswahili chetu hiki, historia ya watu waliofanya kazi katika nyumba za Wazungu. Na Mufwankolo na kundi lake walituchekesha na kutufundisha kwa lugha gani? Ni kweli Shaaban, aliyezaliwa 1909, ana maneno ya zamani yanayokwama kooni. Nikifika kwenye neno kama hilo nasimama, tunaulizana. Mara nyingi mzee mmoja wa Kalemie ananitangulia kulifafanua, na siku hiyo yeye si mhami tena, ni mwalimu.

Sitawaficha: mwandishi huyu anapenda kuhubiri. Watu wake wema ni wema kupita kiasi, na kuna kurasa ambazo nazipita mbio watoto wasisinzie. Kwa vijana wanaokesha kwenye telefone na filamu za mazimwi, anzeni na Adili na Nduguze, cha 1952. Liwali mwenye huruma hata kwa wanyama, kila usiku anawachapa manyani wawili viboko huku akilia. Mjumbe wa mfalme anamwona. Kuna jini, kuna bahari, kuna mji ambao watu wake wamegeuka mawe. Hadithi ina undugu na Alfu Lela Ulela, lakini Kiswahili chake ni chake mwenyewe. Manyani ni nani, siwaambii. Kufikirika, kilichochapwa baada ya kifo chake, kiwekeni cha tatu, mwendo wake ni wa polepole.

Nakala ni chache hapa mjini. Yangu imefungwa kwa uzi, jalada limekwisha, nayo inapita mkono kwa mkono. Siku ya posho hii tunafika kwa Amini, mjumbe wa sita, yule aliyeteremshwa ardhini. Mama wa Mitwaba amesema atakuja mapema. Mkubwa wa kartiye naye nimemwekea kiti.