Kabati la Mwalimu: Watoto Watatu Walio Mbali na Kwao



Tangu nilipoandika mara ya mwisho juu ya vitabu, wazazi wawili wamenijia baada ya Misa, kila mmoja kwa wakati wake, wakaniuliza swali lile lile: "Mwalimu, mtoto wangu sasa anajua kusoma. Je, asome nini?" Swali hilo ni zito kuliko tunavyodhani. Twafurahi sana mtoto akisoma ubaoni bila kukwama, na Jumapili akisoma somo la Misa kwa sauti safi. Kisha arudipo nyumbani hakuna cha kusoma ila katekisimu ya mwaka wa Komunyo na maneno ya simu ya baba yake. Jembe lisilolimishwa hushika kutu.

Basi safari hii nawaletea habari za vitabu vinne vya Kiswahili, vilivyovuka ziwa la Tanganyika kutoka Kigoma katika mizigo ya mfanyabiashara mmoja wa parokia yetu, Mungu ambariki. Si vyote vipya kwa mwaka wa kuchapwa. Kwetu ni vipya, maana kitabu cha Dar es Salaam au cha Nairobi chaweza kukawia miaka mingi kabla ya kufika ng'ambo hii. Nimevisoma vyote mwenyewe kabla ya kuvitia kabatini.

Nianze na wadogo. "Mwana Mdogo wa Mfalme" ni tafsiri ya kitabu cha Kifaransa cha Antoine de Saint-Exupéry, kilichotoka kwanza New York mwaka 1943. Kwa Kiswahili kilitolewa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam mwaka 2009. Mtungaji alikuwa rubani. Mwisho wa mwaka 1935 ndege yake ilianguka jangwani Afrika ya Kaskazini, naye na fundi wake nusura wafe kwa kiu. Tarehe 31 Julai 1944, wakati wa vita, aliruka kutoka kisiwa cha Korsika asirudi tena. Katika kitabu hiki rubani aliyeharibikiwa na ndege jangwani akutana na mtoto mdogo aliyetoka katika nyota iliyo ndogo kama nyumba, ambako ameliacha ua lake moja la waridi.

Nilikisoma kwa sauti darasani, kila Ijumaa kipande kimoja, kwa watoto wa miaka 8 hadi 11. Jambo moja lilinichekesha. Mtoto yule ana hofu kubwa juu ya mibuyu: asipoing'oa ingali michanga, mizizi yake itaipasua nyota yake yote. Mzungu akisoma hayo sharti aelezwe mbuyu ni mti gani. Wanafunzi wangu hawakuhitaji maelezo, mmoja alipaza sauti mara moja, "Mwalimu, hata mbuyu ulianza kama mchicha!" Sijui kama mtungaji aliwahi kuisikia methali hiyo, lakini sehemu ile yote ni kama imetungwa juu yake.

Mtoto huyo hupita nyota baada ya nyota akionana na watu wazima wa ajabu: mfalme asiye na raia, mtu wa kujisifu, mfanyabiashara anayehesabu nyota na kudai kwamba ni mali yake. Wanafunzi walimcheka sana huyo wa hesabu. Yumo pia mlevi, anywaye ili asahau aibu yake, na aibu yenyewe ni kwamba anakunywa. Hapo pia darasa lilicheka, isipokuwa mtoto mmoja aliyetazama chini ya dawati lake mpaka nilipofunua ukurasa. Sikumwuliza neno mbele ya wenzake.

Nina onyo moja kwa wazazi. Mwishoni mtoto yule amwacha nyoka amwume, ili apate kurudi kwake. Imesimuliwa kwa upole mwingi, na mtu mzima huelewa kwamba ni mfano. Mtoto aliyefiwa karibuni aweza kuelewa vingine. Sehemu hiyo isisomwe na mtoto peke yake usiku. Mama au baba akae naye, amjibu akiuliza kama amekufa kweli. Darasani kwangu waliuliza wote kwa pamoja.

Kwa jamaa nzima, wakati wa jioni, napendekeza "Tenzi za Biblia" za Julius Nyerere, zilizochapwa Ndanda mwaka 1996. Wengi humjua kama Rais wa kwanza wa Tanzania; wachache wajua kwamba kabla ya siasa alikuwa mwalimu katika shule za Kikatoliki za Tabora na Pugu, na kwamba alizitia Injili zote nne na Matendo ya Mitume katika mashairi ya utenzi. Nasema kweli: msomaji akizisoma kimya, kurasa kumi tu zitamchosha. Zataka sauti. Mpeni babu mwenye sauti nzuri, watoto waitikie, mtaona kazi yake. Zaidi ya hayo sina la kuongeza.

Vijana wa sekondari nawawekea "Siku Njema" cha Ken Walibora wa Kenya, kilichotoka mwaka 1996. Mtungaji huyu alifariki Nairobi mwezi wa Aprili 2020, na wapenzi wa Kiswahili walimlilia katika nchi nyingi. Ni habari za kijana wa Tanga, mwana wa mwimbaji wa taarabu. Mama akifa, kijana abaki katika nyumba ya jamaa ambamo hapendwi na mwenye nyumba, mpaka aondoke kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Kiswahili chake ni kitamu, kimejaa methali, na mwanafunzi wetu atakutana na maneno mengi asiyoyasikia mtaani kwetu. Asiogope. Kule mtoto huenda shule, kwetu huenda masomo. Ni njia moja. Kosa la kitabu ni kwamba bahati humngojea kijana huyu karibu kila kona ya barabara, jambo ambalo wanafunzi wangu hawakulilalamikia hata kidogo. Mimi nililalamika kidogo, kisha nikakimaliza usiku wa manane.

Sasa nafika kwenye kitabu kilichonishika kuliko vyote. Ni "Peponi" cha Abdulrazak Gurnah. Mtungaji ni mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1948, aliyekwenda Uingereza angali kijana, na mwaka 2021 alipewa tuzo ya Nobel ya fasihi. Aliitunga hadithi hii kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 1994. Mwaka 2022 Ida Hadjivayanis, mwalimu wa Kiswahili, aliileta katika lugha yetu, nayo ikachapwa Dar es Salaam. Watu wa hadithi hii walikuwa wakinena Kiswahili tangu mwanzo; kwa miaka 28 sisi tulikuwa hatujawasikia.

Yusuf ni mtoto wa miaka 12. Baba yake ana hoteli ndogo katika mji mdogo wa bara, na biashara haiendi. Mara kwa mara hupita tajiri mmoja wa pwani, Aziz, mwenye kunukia manukato, na kila aondokapo humpa mtoto senti. Mtoto amwita kwa jina la ndugu wa wazazi, kama alivyofundishwa. Siku moja aambiwa afunge vitu vyake, atasafiri na huyo ndugu. Apanda gari la moshi kwa furaha. Pwani awekwa kuuza dukani pamoja na kijana mwingine, Khalil, na huyo ndiye amwambiaye ukweli: yule si jamaa yako, usimwite hivyo tena. Baba yako ana deni lake, nawe umewekwa rehani.

Baadaye Yusuf achukuliwa katika msafara wa biashara mpaka ng'ambo ya ziwa, katika nchi ya mtawala aitwaye Chatu, ambako msafara wapigwa na kunyang'anywa mali. Hapa msomaji wetu hatasoma kama mgeni. Njia hizo ndizo zilizoleta Kiswahili kwetu, pamoja na pembe, shanga, bunduki na pingu. Wazee wa mwambao huu wangali wakitaja jina la Kapteni Joubert, aliyewapinga wauza watumwa na kufariki mwaka 1927. Na katika misioni za kwanza, kama Mpala walipoingia Mapadri Weupe mwaka 1885, wengi wa watoto wa shule walikuwa wamekombolewa utumwani. Tumezoea kuisoma habari hiyo kutoka upande wa misioni. Gurnah aisimulia kutoka ndani ya msafara wenyewe, akionyesha wachuuzi, wapagazi, wanyapara, hofu yao na mizaha yao, hata huruma yao, bila kuwapunguzia hatia.

Mkristu mmoja aliniuliza kama kitabu hiki cha watu wa dini ya Kiislamu kinatufaa. Nilimjibu afungue kitabu cha Mwanzo, sura ya 39. Yusuf wa Gurnah ni kijana mzuri wa sura katika nyumba ya tajiri. Mke wa tajiri amtamani, kisha amshitaki, na shati lake limeraruliwa nyuma, kama habari hiyo isimuliwavyo katika Kurani. Lakini hapa hakuna Farao wa kumtoa gerezani na kumpa pete. Mwisho wake sitausimulia. Ni mwaka wa Vita Kuu ya 1914, askari wa Wajerumani wapita, na Yusuf afanya jambo ambalo mpaka leo sijui kama nimlaumu.

Kuna pia mzee Hamdani, mtunza bustani. Aliwahi kupewa uhuru na bibi yake akakataa kuupokea, kwa kuwa, asema, uhuru haukuwa mali yao hata wawe na haki ya kumpa. Nilikifunga kitabu hapo nikatembea uani.

Mtoto mdogo asipewe kitabu hiki. Kina maneno ya tamaa na mambo ya aibu kati ya watu wazima, yaliyosemwa wazi. Kabatini nimekiwekea alama: kuanzia miaka 17, na wazazi watangulie. Naomba hasa wazazi, tena hasa wale walio na mtoto wa ndugu nyumbani. Nitaeleza sababu, ingawa hainipi sifa.

Mimi mwenyewe ni mjomba. Dada yangu alimleta binti yake kwangu miaka miwili iliyopita ili aendelee na masomo. Sikumdai mtu deni. Ada namlipia, nguo anazo, chakula anakula pamoja nasi. Nilijiona mwema. Usiku mmoja nilikuwa nikisoma mezani habari za Yusuf na duka lake, wanangu wawili wa kiume wako kando yangu na madaftari. Nikainua macho. Katika nyumba nzima mtu mmoja tu alikuwa amesimama, naye ni binti wa dada yangu. Alikuwa amefagia, amepika, amegawa chakula, sasa anaosha sufuria. Masomo yake angeyaanza wakati wanangu wanapolala, kama umeme ungalipo. Nilijaribu kukumbuka ni lini nilimwona amekaa jioni. Sikukumbuka.

Nilisema na mama wa watoto. Mazungumzo hayakuwa mepesi. Aliniuliza ni nani basi angepika, na kama mimi mwenyewe nilipata kuosha sufuria tangu nitoke seminari, ambako, alisema, nilikuwa nikijisifu kwamba tuliosha kwa zamu. Alikuwa na haki. Sasa zamu imerudi. Wavulana wanaosha siku mbili mbili, vibaya, na mwanzoni walinuna. Mimi nina Jumamosi. Nilimwambia pia binti yenyewe kwamba nimekosa. Alicheka kwa haya, akasema, "Si kitu, mjomba," kwa haraka mno, kama mtu aliyekwisha kulizoea jibu hilo.

Amekwisha soma "Siku Njema" mara mbili. Wiki iliyopita aliniuliza mbona kile kitabu kingine nakiweka rafu ya juu. Nikamweleza juu ya alama yangu ya miaka 17. Akanikumbusha kwamba ataitimiza mwezi ujao.

Kabati lafunguliwa kila Jumapili baada ya Misa ya pili, katika darasa la kwanza, mlango wa kushoto. Kitabu huazimwa kwa wiki mbili, na atakayekirudisha kimelowa atakinunua. "Mwana Mdogo wa Mfalme" zipo nakala tatu. "Peponi" ni nakala moja tu, na kwa mwezi ujao imekwisha kuahidiwa.